Ndoo mlangoni, ugonjwa chumbani: kwa nini masharti ya afya yanagoma kusimamiwa

Kila likiingia gonjwa la kuambukiza wimbo ni uleule, wananchi wabishi, wananchi hawasikii, wananchi mpaka washikiwe fimbo. Tumeusikia kwenye kipindupindu, tukausikia kwenye korona 2020, na likija lingine tutausikia tena. Mimi niko Tanga mjini, nimezungukwa na watu wabishi kweli kweli (na mimi mmojawapo, hasa kwenye mpira) ila ubishi hauelezi kitu hapa, maana yuleyule aliyekataa barakoa ndo yuleyule anayevua viatu mlangoni kwa watu bila kuambiwa na akienda benki anapanga foleni kimya kabisa. Kwa hiyo swali lenyewe ni kwa nini masharti ya afya hasa yanakuwa magumu hivi, hata pale serikali inapotaka kwa dhati na mwananchi naye anaogopa kwa dhati.

Ninavyoona mimi, msimamizi anakagua kile anachokiona tu, na ugonjwa unapita zaidi kule asikokuona. Mengine yote yanazaliwa hapo.

Tuanze na huyo msimamizi mwenyewe, maana watu wakisikia "serikali imepiga marufuku" wanawaza difenda na bunduki. Kisheria mambo yako sawa, ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inampa afisa afya nguvu ya kuingia sehemu na kukagua, na kuchukua hatua kuzuia maambukizi. Kuna na Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zilizoanza kutumika 2007, hizo ndo zinazobana nchi kuhusu mipaka na kutoa taarifa. Agizo linatoka wizarani, linapita mkoani, wilayani, halmashauri, likifika kata linamwangukia bwana afya na mtendaji, na chini kabisa mwenyekiti wa mtaa na mgambo wawili watatu. Huyo bwana afya kabla ya janga alikuwa na mabucha ya kukagua, vyoo, hoteli, taka, maji machafu yanayomwagwa barabarani, na hizo kazi hazikwenda likizo, janga limeongezwa juu yake. Gari hana. Na anaishi hapohapo, watoto wake wanasoma shule ya hapo, na mama ntilie anayetakiwa kumtoza faini ndo huyohuyo anayemkopesha wali mpaka mwisho wa mwezi. Mkubwa akiandika agizo ofisini hilo halimo, lakini pale kibandani ndo linaloamua kila kitu.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia alete ripoti kila jioni ataripoti nini? Ataripoti ndoo. Unakumbuka 2020 kila mlango wa duka kuna ndoo ya koki na kipande cha sabuni, maji tiririka yakawa kila mahali. Ndoo inahesabika, unapita barabara nzima ukiwa umekaa nyuma ya bodaboda unaandika duka hili ipo, duka hili haipo. Ila ndoo kuwepo sio maji kuwemo, na maji kuwemo sio mtu kunawa, baada ya wiki chache ndoo nyingi zilikuwa kavu zimebaki mlangoni kama kinga ya faini. Na hata zingejaa, korona ilikuja kujulikana inapita sana kwenye hewa ya sehemu zilizofungwa kuliko kwenye vitasa vya milango. Kunawa ni kuzuri sana, kipindupindu na kuhara unavipunguza sana hapo, sisemi watu waache. Nachosema hakuna mgambo aliyewahi kupita mtaani kukagua madirisha. Dirisha halina faini, halina picha ya kupiga na kutuma kwenye grupu.

Matokeo yake mambo yanageuka kichwa chini miguu juu. Kijiwe cha kahawa pale barazani, upepo wa bahari unapita, watu wamekaa nje, hicho ndo kinatawanywa cha kwanza kwa sababu kinaonekana. Wazee wakishatawanywa hawaendi kulala, wanahamia sebuleni kwa mmoja wao, mlango umerudishwa, pazia limeshushwa wasionekane, mazungumzo yaleyale na kashata zilezile. Kwenye ripoti msongamano umeisha, kumbe kiafya wametolewa sehemu yenye hewa wakapelekwa sehemu isiyo na hewa.

Levo siti nayo. Daladala ziliambiwa abiria wote wakae, asisimame mtu. Kwenye karatasi sharti rahisi, unahesabu vichwa unahesabu viti. Ila ingia kwenye hesabu ya konda uone. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake ya siku ileile, mafuta bei ileile, na anayejua daladala anajua abiria wa kukaa wanalipa mafuta na hesabu, abiria wa kusimama ndo mboga ya dereva na konda. Ukiwaondoa waliosimama bila kugusa hesabu ya tajiri umemwambia konda afanye kazi bure, na yeye haoni kirusi, anaona wanawe. Kwa hiyo gari inatoka stendi levo siti safi kabisa, trafiki anaangalia anaridhika, mbele kidogo inasimama inapakia. Na Hiace mnazijua, mtu wa kusimama mule hasimami, anainama, kifua chake kiko juu ya uso wa aliyekaa. Wakikaribia trafiki mwingine konda anapiga bati, "chuchumaeni wazee wangu, chuchuma mama," na gari zima linamsaidia, hakuna anayemchoma, kwa sababu kila mmoja anataka kufika na anajua kesho ndo yeye atakayebaki kituoni. Hapo mkaidi ni nani, konda, abiria, au yule tajiri ambaye hakuna agizo hata moja lililomtaja?

Barakoa ndo ilinichekesha na kunitisha kwa wakati mmoja. Kuna ofisi moja hapa mjini ilikuwa haiingiliki bila barakoa, mlinzi mlangoni mkali. Nje pembeni ya mwembe watu wanasubiri, mmoja akitoka anavua yake anampa anayeingia, naye anaivaa ikiwa bado na joto la mwenzie. Sharti limetekelezwa asilimia mia, mlinzi hana kosa, kitabu kimeandikwa. Ungetafuta njia ya uhakika ya kuhamisha mafua toka pua hii kwenda ile usingepata nzuri kuliko hiyo.

Halafu kuna shughuli ambazo ukiziambia "mita moja" umeziambia zife. Nenda Deep Sea, soko letu la samaki, mashua zinapoingia asubuhi. Samaki anamwagwa chini au kwenye beseni, mnadishaji anaanza bei, wachuuzi wanamzunguka, na lazima wamzunguke maana mnunuzi anataka afunue shavu aone wekundu wake, abonyeze mgongo, anuse, halafu apandishe bei kabla jirani hajapandisha. Yote hayo yanakwisha kwa dakika, jua linapanda, barafu ni pesa. Mama anayenunua changu wa kukaanga auze jioni Makorora au Mgandini, ukimsimamisha mita moja nyuma hatapata samaki, atapata waliobaki. Chaki ilichorwa chini sehemu nyingi enzi zile, kwenye soko la samaki chaki inadumu mpaka ndoo ya kwanza ya maji ya chumvi.

Na "jitenge nyumbani"? Anayesema hivyo ana picha ya nyumba yenye chumba cha wageni. Nyumba nyingi za Ngamiani kwenye zile barabara za namba, ukiingia kuna ukumbi katikati, vyumba vinatazamana huku na huku, kila chumba familia, uani choo kimoja na bomba moja. Mgonjwa akitengwa chumbani kwake, mkewe na watoto walale wapi? Na akitoka kwenda chooni anapita kwenye ukumbi ambao watoto wa nyumba nzima wanachezea. Anayeishi hivyo akisikia sharti hilo redioni halikatai, analipita tu kama tangazo la bidhaa asiyoweza kuinunua.

Hapo ndo wengine wanasema basi tumia nguvu. Wenzetu walijaribu, na sio mbali. Kenya ilianza kafyu ya usiku tarehe 27 Machi 2020, na siku hiyohiyo ya kwanza pale kivuko cha Likoni, Mombasa, watu wamepanga foleni wawahi kuvuka warudi makwao kabla ya saa moja jioni, polisi wakawapiga na kuwarushia mabomu ya machozi. Fikiria kiafya tu, achana na haki za binadamu kwanza: watu mamia wamesongamana, wanakohoa, wanatokwa makamasi, wanajipangusa macho kwa mikono. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 akauawa Nairobi kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao. Nigeria, tume ya taifa ya haki za binadamu ilitoa taarifa katikati ya Aprili 2020 kwamba watu 18 wameuawa na vyombo vya dola katika kusimamia masharti, wakati korona yenyewe ilikuwa imeua 12. Na Monrovia, Liberia, kwenye ebola ya Agosti 2014 serikali ilizungushia wanajeshi mtaa mzima wa West Point, kukawa na vurugu, kijana wa miaka 15 akafa, baada ya siku kumi hivi wakafungua.

Tatizo la nguvu sio ukatili peke yake. Magonjwa ya mlipuko yanadhibitiwa kwa taarifa, yaani mtu mwenye dalili ajitokeze mwenyewe, ataje aliokaa nao. Ukimtisha anaficha. Mgonjwa aliyefichwa chumba cha ndani anahudumiwa na mama yake na dada zake bila kinga yoyote, na wewe huku juu unaona namba zinashuka unafurahi.

Mpaka ni hivyohivyo. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na sisi kwa abiria, yakabaki malori ya mizigo na madereva wake wapimwe, pale Horohoro, kituo cha mpakani upande wetu, malori yakapanga foleni na maneno yakawa mengi huku na huku kuhusu vipimo vya nani ni vya kweli. Ila Mkinga ya huku na Kwale ya Kenya ni ndugu, mtu ana shangazi Vanga na mke Jasini, mashua zipo na njia za panya zipo tangu babu. Ukifunga geti, mtu hakosi kuvuka, anakosa kupita mbele ya yule mwenye kipimajoto. Sisemi mipaka isifungwe kamwe, kuna hali inabidi, lakini anayefunga ajue kabisa kwamba na yeye amejifunga macho.

Sasa nije kwenye kitu kizito zaidi, msiba. Hapa Tanga mtu akifa hapigiwi mtu simu ya kuombwa aje, watu wanakuja wenyewe. Maiti inaoshwa na watu wake, jeneza linashikwa kwa zamu kila mtu apate thawabu zake, mnapeana mikono, wanawake ndani wamekaa kwenye mikeka bega kwa bega. Njoo na agizo kwamba watu kumi tu, maiti inazikwa na watu waliovaa manailoni meupe, familia ikae mbali. Hata mtu mtiifu kuliko wote atakushinda hapo, kwa sababu unamwambia achague kati ya kosa la faini na kosa la kumtupa mzazi wake.

Ebola ya Afrika Magharibi ilifundisha hili kwa gharama. Mwanzoni timu za mazishi zilikuwa zinachukua maiti kwenye mfuko na kuondoka, watu wakaanza kuzika usiku kwa siri, na maiti ya ebola ndo yenye kuambukiza kupita kiasi. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa utaratibu mwingine, safari hii limekaa na viongozi wa dini: familia ihusishwe, isubiriwe, ishuhudie, maiti ya Muislamu itayamamishwe, yaani itawadhishwe kwa mchanga safi, badala ya kuoshwa na anayefanya hivyo awe Muislamu aliyefundishwa, sala iwepo. Kirusi ni kilekile na hatari ileile, kilichobadilika ni kwamba sharti limepata mlango ndani ya dini badala ya kusimama nje linabisha hodi.

Na mlango wenyewe upo siku zote. Masheikh wetu wengi walikumbusha kisa cha khalifa Umar alipokuwa anakwenda Sham (Syria na jirani zake) akapata habari ya tauni. Hakuamua peke yake, aliita Muhajirina (waliohamia Madina kutoka Maka) akawashauri, akaita Ansari (wenyeji wa Madina), akaita wazee wa Kikuraishi, ndo akatangaza kurudi, na jemadari wake Abu Ubaida alipomuuliza iweje unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu akajibu anatoka kwenye kadari kwenda kadari nyingine. Halafu akaja sahaba Abdurahmani bin Auf na hadithi ya Mtume, kwamba tauni ikiwa mahali usiingie na ikikukuta ndani usitoke kuikimbia. Mzee wa Barabara ya 12 hiyo ameisikia toka madrasa, ukimwendea kwayo hujamletea sheria mpya. Tauni yenyewe sio ngano kwetu, Lushoto hapo juu iliwasumbua watu miaka na miaka kuanzia 1980, na kwa gonjwa kama hilo anayehitajika ni mtu anayekubalika kuingia majumbani.

Kukubalika kunaharibika upesi lakini. Angalia mtendaji wa mtaa alivyopitishwa. Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza anatangazwa Arusha, kesho yake shule zinafungwa, mtendaji anazunguka na kipaza sauti hatari hatari. Mwisho wa Aprili takwimu zinaacha kutolewa. Inakuja zama ya nyungu na kujifukiza, Juni 29 watoto wote wamerudi shule, maneno ni kwamba ugonjwa umekwisha. Julai 28, 2021 Rais Samia anachanjwa hadharani, na mtendaji yuleyule, kipaza sauti kilekile, anaambiwa awahimize watu wakachanje ugonjwa ambao mwaka mmoja nyuma alisema hamna. Yeye sio aliyebadili, ametumwa, ila uso wanaoukumbuka watu ni wake. Na tusijidanganye kwamba ni sisi tu, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilibadili ushauri wake wa barakoa kwa watu wa kawaida tarehe 5 Juni 2020, na Uingereza waziri mkuu Boris Johnson aliyewafungia watu majumbani alitozwa faini Aprili 2022 kwa kukusanyika ofisini kwake wakati wa katazo. Sayansi kubadilika ni kawaida yake, ndivyo inavyofanya kazi, shida ni pale mabadiliko yanapoletwa kama amri bila mtu kusema jana tulijua hiki, leo tumejua kile.

Chanjo hiyohiyo lakini ilitoa somo la upande wa pili. Ilikuwa hiari, mwanzoni watu walisuasua sana. Kilichokuja kusukuma namba, 2022 hasa, ni kuitoa hospitali na kuipeleka sokoni, kwenye mikusanyiko, mlango kwa mlango, anayechanja akiwa pamoja na mtu wa mtaa anayejulikana. Kwa fimbo isingewezekana.

Kwa hiyo ukiniuliza masharti mangapi yatangazwe siku ya kwanza ya janga nitasema machache, matatu manne, yale ambayo bwana afya wa kata anaweza kuyasimamia kwa miguu yake na mwananchi anaweza kuyalipia. Daladala kuacha vioo wazi ni bure na ina faida kuliko levo siti ya kuigiza. Kuuza samaki nje kwenye upepo badala ya kufunga soko. Ofisi kugawa barakoa mlangoni badala ya kuidai. Yanayobaki ni ya kuombana na kushauriana, na tuseme wazi kwamba ni ya kuombana, maana sharti ambalo kila mtu anajua halisimamiwi linaangusha na yale yanayosimamiwa.

Na yale machache makali kweli, kama kumtaka mtu asitoke siku 14, yalipiwe. Togo Aprili 2020 walianzisha mpango wao wa Novissi, fedha za mwezi zinaingia kwa simu kwa mafungu mawili, kwa watu wa shughuli zisizo rasmi waliozuiwa kufanya kazi, na wanawake wakapewa kidogo zaidi ya wanaume. Watu walijisajili kwa simu ya kitochi tu, wakitambuliwa kwa kadi ya mpiga kura. Sisi kutuma hela kwa simu ndo maisha yetu, mitambo ipo. Kigingi ni orodha. Ukiwauliza watu watakwambia si kuna TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, orodha ya kaya maskini ya kila mtaa ipo. Ipo ndio, ila konda wa Hiace hayumo, mama wa changu wa Deep Sea hayumo, kwa vigezo vya TASAF hao sio maskini, wana kazi na wanakula. Wanakuwa maskini siku ile stendi na soko vikifungwa, na mimi sijui daftari la serikali ya mtaa lenye majina yao wote.